Bustani ya sanamu: ni nini hasa kinachoua sanamu ikiwa nje? Nasema ni chuma cha ndani

#1 TindoNaNyundo
Salaam wadau. Kila inapozungumzwa bustani ya sanamu, iwe Paa ya Paa kule Ridgeways, kumbukumbu ya Murumbi ndani ya City Park au bustani nyingine yoyote yenye miti na nyasi, lawama huangukia mvua na jua. Napinga. Sanamu nyingi za nje huuawa na chuma kilichofichwa ndani yake: nondo kwenye saruji, pini kwenye jiwe, msumari kwenye gogo.

Kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi sita kutegemea aina yake. Weka pini ya chuma cha kawaida ya milimita 16 kwenye tundu la milimita 18, umebakiza milimita moja kila upande. Kutu ikishaijaza hiyo, jiwe linapasuka kuanzia tunduni kwenda juu, na ufa wa namna hiyo hauponi kwa gundi. Kwenye saruji mambo yanakwenda kwa hatua: mstari wa kahawia, ufa unaofuata nondo, halafu ganda linabanduka.

Tiba ni stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) daraja la 316. Pwani msijaribu hata 304, daraja linalovumilia chumvi kidogo zaidi. Mwenye maelezo tofauti aje.

#2 MsingiKwanza
Mkuu umeanzia katikati. Chuma hakipati kutu bila maji, na maji hayo kwa kawaida hayatoki mawinguni moja kwa moja, yanapanda kutoka ardhini. Kitako kikikaa juu ya udongo bila kizuizi, kinanyonya, maji yanakauka usoni mwa jiwe, chumvi zinabaki chini ya ngozi na kuisukuma nje. Angalia mahali ngozi inapobanduka: mara nyingi ni sentimita 20 hadi 60 kutoka chini, juu ya hapo jiwe zima.

Kitako cha kuaminika kwenye udongo mwekundu wa Nairobi:
- chimba sentimita 60, ondoa mizizi yote;
- kokoto sentimita 15, shindilia kwa awamu mbili;
- zege sentimita 20, pana kuliko kitako kwa sentimita 15 kila upande;
- nailoni nzito ya kuzuia unyevu juu ya zege, kabla ya tofali la kwanza;
- uso wa juu uwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, maji yasitulie.

Kwenye udongo mweusi unaovimba sahau hizo sentimita 60. Shuka hadi upate tabaka gumu, la sivyo kitako kitainama msimu wa pili.

#3 Mawe_ya_Tabaka
Nakubali kuhusu kitako, ila #2 amechanganya mawe. Kupanda kwa unyevu ni ugonjwa wa mawe yenye vinyweleo: tufu (jiwe la majivu ya volkano) ya kujengea kama ile ya Ndarugo, au mawe ya matumbawe ya Pwani. Jiwe la Kisii lililokaza halinywi kiasi hicho. Maradhi yake ni mengine kabisa: ni laini, linakwaruzika kwa ukucha mahali pengine, na lina matabaka. Mchongaji akilisimamisha jiwe huku matabaka yamesimama wima, maji ya mvua yanaingia kutoka juu kama kwenye kurasa za kitabu. Likae lilivyolala machimboni.

Kipimo rahisi kabla ya kuchonga: kata kipande cha kilo moja, kikaushe juani wiki nzima, pima. Kizamishe saa 24, futa, pima tena. Kikiongezeka chini ya gramu 10, weka nje bila wasiwasi. Kikipita gramu 30, hiyo ni kazi ya sebuleni. Tazama pia mishipa ya udongo: ichokonoe kwa msumari, ukizama sehemu hiyo itageuka tope.

#4 KokotoNusuInchi
#1 yuko sahihi kwa saruji. Ila kosa huanza kwenye ndoo ya maji. Kwa sanamu ya waya na plasta nzito: mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga wa mtoni kilo 100, maji lita 20 basi. Wengi humwaga lita 30 ili plasta iteleze vizuri mkononi. Zile lita 10 za ziada zikikauka zinaacha vijitundu, hewa inaingia, na hewa hiyo ina kaboni dioksidi inayoua ule uchungu (alkali) wa saruji unaolinda nondo. Kutu inafuata.

Funika nondo kwa sentimita 4, Pwani 5. Ukishamaliza, funga magunia mabichi siku 14, yasikauke hata mchana mmoja. Na mchanga wa ufukweni usiuguse, hata ukioshwa mara ngapi.

#5 MpingoNaMvule
Mnaongea mawe na saruji kana kwamba bustani hazina miti iliyochongwa. Kwa mbao, muuaji si chuma wala unyevu wa ardhi peke yake. Ni haraka.

Gogo zima lenye kiini katikati lazima lipasuke. Mbao husinyaa kuzunguka pete karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kiini, kwa hiyo ufa wa umbo la V hauepukiki. Mchongaji anachoweza kuamua ni ufa upite wapi. Njia tatu:

Moja, pasua gogo nusu na utupe kiini. Mbili, toboa mgongo wa sanamu, uache ukuta wa sentimita 6 hadi 8. Tatu, chana kwa msumeno mstari mmoja mgongoni kutoka gome hadi kiini kabla hujaanza kuchonga. Ufa wote utakusanyika pale na uso wa mbele utabaki salama. Wajapani wanafanya hivyo kwenye nguzo za nyumba.

Ukaushaji: paka nta au rangi nzito kwenye ncha mbili za gogo siku ile ile lilipokatwa, weka kivulini, juu ya vipande vya mbao. Hesabu mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Mpingo unataka zaidi.

#6 Kivuli_cha_Mgumo
#5 asante, hilo la kuchana mgongo ni dhahabu. Swali: mti gani basi kwa bustani ya Nairobi au Arusha?

#7 MpingoNaMvule
Muhugu, bila kusita. Umetumika kwa nguzo za uzio miaka mingi kwa sababu mchwa hauupendi, na ni mti wa misitu hii hii ya Nairobi, Karura imejaa. Kwa hiyo hakikisha gogo lako lina kibali. Mvule nao unavumilia. Mninga hausinyai sana, ni mzuri kwa kazi ya maungio. Mpingo mbao yake nyeusi ya ndani inadumu, lakini ile sehemu nyeupe ya nje inabunguliwa na wadudu, na jua la mchana kutwa huupasua. Uwekwe barazani.

Jacaranda, ambayo wachongaji wengi wanaipenda kwa ulaini wake, msiisimamishe kwenye nyasi. Inaoza upesi kuanzia unyayoni.

#8 TindoNaNyundo
#5 hujataja msumari! Mbao ngumu zenye tindikali hula msumari wa kawaida na kuacha doa jeusi. Bado chuma kiko kizimbani.

#9 MpingoNaMvule
Kwako wewe hata mchwa una nondo tumboni, mkuu. Doa jeusi haliangushi sanamu. Unyayo uliooza ndio unaoiangusha. Ncha ya gogo iliyogusa udongo hunyonya maji mara nyingi kuliko ubavu wake. Inyanyue sentimita 10 juu ya kiatu cha chuma kilichopakwa zinki, uache nafasi ya kuona chini. Mchwa lazima ujenge njia yake ya udongo kupita hapo, na mtunzaji ataiona.

#10 FyekaTaratibu
Nawasoma tangu #1, na hakuna aliyetaja mashine ya kufyekea nyasi, ile ya kamba ya nailoni. Katika bustani yoyote yenye nyasi, tembea ukague sentimita 10 za chini za kila sanamu. Mbao imetafunwa, jiwe laini lina mistari, rangi ya chuma imetoka pande zote. Mahali rangi ilipotoka ndipo kutu inapoanzia, mahali mbao ilipotafunwa ndipo maji yanapoingia. Nyinyi mnajadili matokeo tu.

Dawa yake haihitaji msomi: duara la kokoto kuzunguka kitako, upana sentimita 50, kina 10, chini yake kitambaa cha kuzuia magugu. Mfyekaji asipate sababu ya kusogea. Yorkshire Sculpture Park, Uingereza, iliyoanzishwa 1977, wanaacha kondoo wale nyasi kuzunguka kazi za mchongaji Henry Moore. Storm King, bustani ya sanamu ya New York, wana hekta 200 hivi, na sehemu kubwa wameacha majani marefu, wanafyeka njia tu. Kila sehemu ambayo haifyekwi ni sehemu ambayo sanamu haijeruhiwi.

#11 Kima_wa_Parklands
Kondoo City Park wataporwa chakula na kima. Lakini kweli, wageni wakiwalisha karanga na ndizi juu ya sanamu, mafuta na maganda yanabaki kwenye jiwe, na kuvu hushika hapo kwanza. Bango la kukataza kulisha wanyama linalinda sanamu pia.

Kwa wasiojua, pale ndipo alipozikwa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya na mkusanyaji mkubwa wa sanaa ya Afrika, pamoja na mkewe Sheila. Sanamu zimepangwa kuzunguka makaburi.

#12 Mawe_ya_Tabaka
Rekebisho dogo: wa kwanza ni Oginga Odinga. Murumbi ni wa pili, 1966, alikaa miezi michache tu. Kaburi la mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyeuawa 1965, nalo liko karibu, na Murumbi alitaka kuzikwa karibu na rafiki yake huyo.

Na tukiwa hapo: Elkana Ong'esa wa Tabaka, ambaye kazi yake iko kwenye bustani hiyo, ana kazi pia makao makuu ya UNESCO, Paris. Anayesema mawe ya Kisii hayafai nje aangalie kwanza nani amelichagua jiwe.

#13 Kima_wa_Parklands
Nimepokea, shukrani.

#14 NtaMoto
Naongeza mtuhumiwa mwingine: wasafishaji. Sanamu nyingi zinakufa mikononi mwa watu wanaozipenda.

Brashi ya waya ndiyo mbaya kuliko zote. Inaacha vipande vidogo vya chuma kwenye ngozi ya jiwe, mvua ikinyesha unapata vidoti vya kahawia kila mahali. Dawa ya kufulia nguo nyeupe nayo inaua ukoko wa kijani kwa siku chache, ila inaacha chumvi, na kwenye shaba ndiyo sumu yenyewe. Siki au ndimu kwenye matumbawe ni kuyayeyusha.

Tumia maji safi, sabuni isiyo kali, brashi ya nailoni laini, kuanzia chini kwenda juu ili maji machafu yasichore mistari kwenye sehemu kavu, kisha suuza kuanzia juu.

Kuhusu nta: wachongaji wa Tengenenge, Zimbabwe, ile jumuiya iliyoanza 1966 kwenye shamba la tumbaku la Tom Blomefield, hupasha jiwe moto kwanza, ndipo wanapaka nta ikayeyuka na kuingia. Jiwe likiwa la moto kiasi cha kutoweza kuweka kiganja sekunde tatu, limefika. Paka nyembamba, acha lipoe lenyewe, sugua kwa kitambaa. Nje, weusi unaoletwa na nta hufifia na kuwa kijivu baada ya misimu michache. Anayepaka nta juu ya jiwe baridi lenye unyevu anaufungia unyevu ndani, ndiyo ule weupe mnaouona.

#15 Mawe_ya_Tabaka
#14 nta sawa, ila vidoti vya kahawia si lazima viwe vya brashi. Jiwe lenyewe linaweza kuwa na madini ya chuma. Soma mpangilio: vidoti vilivyotawanyika sawasawa usoni ni brashi. Vikifuata mshipa ni madini. Mchirizi mmoja unaotoka kwenye kiungo au chini ya tundu ni pini ya #1. Jiwe moja linaweza kuwa na vyote vitatu.

Tochi ya gesi kwenye jiwe la Kisii ni hatari. Lenye maji ndani linaruka vipande. Lile ni la msasa wa maji na nta ya kawaida.

#16 KokotoNusuInchi
Turudi kwenye ushahidi mkubwa. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson, ilizinduliwa 1927. Shaba. Bandari iko jirani, hewa ya chumvi kila siku, na bado imesimama. Ya Nairobi na ya Mombasa ni kazi za mchongaji huyo huyo. Kwa hiyo chumvi peke yake haiui.

#17 TindoNaNyundo
Ndicho ninachosema! Shaba haina nondo. Ganda la shaba lina unene wa milimita chache, ndani ni tupu, na fundi mzuri huondoa fremu ya chuma na udongo wa ndani baada ya kumimina. Akiuacha ule udongo, unashika maji, na chuma kilichobaki kinatoboa shaba kutoka ndani.

#18 MsingiKwanza
Na mimi naona kitu kingine pale pale: kitako kirefu cha mawe, sanamu iko juu kabisa, haijawahi kukaa na unyevu wa ardhi. Sanamu moja, kila mtu anaona hoja yake.

Tukitaka mfano usio na chuma chochote, chukua ukuta wa msanii Andy Goldsworthy pale Storm King, 1997 hadi 1998. Mita 694 hivi za mawe makavu, hakuna saruji, hakuna pini, unapinda katikati ya miti. Unasimama kwa sababu maji yanapita ndani yake na kutoka.

#19 TindoNaNyundo
Unasimama kwa sababu hakuna chuma, mkuu!

#20 GrendaNaMoto
Kwa sisi wa vyuma, mjadala huu unatuacha. Sanamu nzima ni chuma, tufanyeje? Kinachoua ni maji yaliyonasa. Kila bomba, kila bakuli, kila pembe inayotazama juu itobolewe tundu la milimita 10 mahali pa chini kabisa, la milimita 5 linazibwa na majani. Chomelea mshono mzima, usiache vidoti vidoti, maana katikati ya vidoti maji huingia kwenye upenyo ambao brashi ya rangi haifiki.

Rangi: toa kutu yote hadi chuma kiwe cheupe, primer (rangi ya kwanza) ya zinki ndani ya saa nne, kisha rangi mbili za juu. Kupaka primer nyekundu ya kawaida juu ya kutu ni kununua mwaka mmoja. Na mkichanganya stenlesi na chuma cha kawaida kwenye kiungo kimoja chenye unyevu, cha kawaida kitaliwa haraka zaidi. #1 azingatie anapopendekeza 316 kila mahali: usiifunge na nondo za kawaida pale pale.

#21 Kivuli_cha_Mgumo
Na ile Cor-Ten, chuma kinachoachwa na kutu yake? Kazi ya mchongaji Richard Serra pale Storm King ni ya namna hiyo.

#22 GrendaNaMoto
Inahitaji kulowa na kukauka kwa zamu ili ganda lake lishikamane. Pwani chumvi hailiachi lishikamane, na chini ya miti inayodondosha majani yakae juu yake haikauki. Mombasa au Bagamoyo isahau. Nairobi mahali pa wazi inawezekana, ila weka kokoto chini: mchirizi wa kahawia utapaka kitako miaka ya mwanzo.

#23 PwaniTulivu
Suala la maji yaliyonasa linanikumbusha kumbukumbu ya watumwa Mkunazini, Zanzibar, ya Clara Sörnäs, 1998. Watu wa saruji ndani ya shimo, shingoni wana minyororo. Kwa kazi yoyote ya namna hiyo, chini ya usawa wa ardhi, mchoro wa kwanza uwe wa mfereji. Shimo la mita 4 kwa 4, mvua ya milimita 50, ni lita 800 kwa mpigo, bado hujahesabu yanayotiririka kutoka pembeni. Zungushia ukingo wa sentimita 10 juu ya ardhi, sakafu iteremke kuelekea kona moja, bomba la inchi 4 hadi shimo la mawe lililo mbali.

#24 FyekaTaratibu
Na bomba hilo lizibuliwe kabla ya masika, si wakati wa masika.

#25 Mawe_ya_Tabaka
Kabla hatujafika mbali, #1 hajasema pini inashikwa na nini. Nauliza kwa sababu epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya) ikishakamata, sanamu haiondoki tena bila kuvunjwa, na bustani lazima iweze kuhamisha kazi.

#26 TindoNaNyundo
Epoksi kwenye tundu la juu, ndani ya sanamu. Kwenye kitako pini iingie kavu ndani ya mkono wa bomba la stenlesi. Jiwe la sentimita 60 kwa 60 kwa 150 lina uzito wa tani moja na nusu hivi, uzito wenyewe unalishika. Pini inazuia kusukumwa tu. Mbili za milimita 20, sentimita 15 juu, 20 chini, tundu la milimita 25.

#27 MsingiKwanza
Mkono wa bomba bila tundu la kutolea maji chini ni kikombe. Utajaa. Na usipotafuta njia ya maji hayo, hata 316 yako inakaa ndani ya bwawa dogo lisilo na hewa, hali ambayo stenlesi haiipendi. Mimi ningemimina chokaa laini pale chini: inashika, na ukitaka kuhamisha unaitoa kwa tindo.

#28 TindoNaNyundo
Chokaa itanyonya. Umesema mwenyewe unyevu unapanda.

#29 MsingiKwanza
Haitapanda kama nailoni ya #2 ipo.

#30 NtaMoto
Na pini ikitoboa hiyo nailoni?